Kwa yeni 220 nilipata kiti Tokyo

Ndugu Mhariri,

Naandika kupinga jambo moja tu katika makala ya safari mliyoichapa Jumamosi iliyopita. Mwandishi wenu ameieleza Tokyo vizuri, treni zake na mahekalu yake, na nilifurahi kumsoma. Ila alipofika kwenye kahawa aliwashauri wasomaji wayapite maduka ya bei nafuu, yale ya kampuni zenye matawi karibu kila stesheni, kwa kuwa anaona humo hamna Japani halisi. Watafute mikahawa ya zamani, asema, au nyumba za chai. Mimi nimekaa katika mojawapo ya maduka hayo, la kampuni ya Doutor, asubuhi kumi na saba. Idadi naijua kwa sababu kila siku niliandika daftarini nilichotumia. Naomba nafasi nieleze nilichokiona, maana ushauri ule utamwondoa msomaji mwenye pesa kidogo na magoti mabovu kama yangu mahali pale pale ambapo angepumzika.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Novemba 2018 nilikwenda kumtembelea kitinda mimba wangu, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Tsukuba. Chumba chake kilikuwa cha mtu mmoja, kitanda na meza basi, kwa hiyo alinitafutia cha kupanga Kita-Senju, kaskazini mwa Tokyo, ambako treni ya Tsukuba Express hupita. Siku za kazi alishinda maabara, Jumamosi ndiyo alikuja kwangu. Katikati ya juma nilikuwa peke yangu katika mji ambao sikuweza kusoma hata bango moja.

Asubuhi ya kwanza nilitoka kutembea. Baridi ilikuwa kali kwa mtu wa pwani. Nusu saa haijaisha, goti la kulia likaanza. Nikatafuta benchi. Nilizunguka stesheni, nikapita mtaa wa maduka hadi mwisho, nikarudi, benchi hakuna. Aliyewahi kufika Tokyo anajua kwamba mji ule ni msafi ajabu, lakini pa kuketi bila kulipa ni pachache, na mapipa ya taka ni machache zaidi. Nilikuwa nimeegemea ukuta nimelishika goti nilipoona watu wakiingia na kutoka mlango mmoja, na kila ulipofunguliwa ikaja harufu ya kahawa. Juu ya mlango pameandikwa DOUTOR. Nikaingia kwa sababu ya goti. Kahawa sikuwa nimeifikiria.

Nilikwenda moja kwa moja kuketi, nikasubiri mhudumu aje. Dakika kumi zikapita. Hakuna aliyekuja, wala hakuna aliyenitazama vibaya. Kisha bibi mmoja wa makamo yangu, meza ya pili, akaweka gazeti lake chini, akainuka, akanielekeza kwa mkono kaunta iliko. Halafu akachukua leso yake, akaiweka juu ya meza yangu na kuipigapiga mara mbili kwa vidole. Sikumwelewa. Akanionyesha meza nyingine: moja ilikuwa na mwavuli, nyingine mkoba wa kike umekaa peke yake, mwenyewe yuko kwenye foleni kanipa mgongo. Hapo ndipo nikafahamu. Kule mtu huacha kitu chake mezani kwanza ndipo aende kuagiza, na kitu hicho hakiguswi. Nikatoa mtandio wangu wa akiba, nikauweka mezani, nikamrudishia leso yake kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa, akarudi kwenye gazeti lake. Nimefanya kazi ya wodini miaka thelathini na mitano, na namtambua mtu anayesaidia bila kutaka aonekane anasaidia. Yule bibi alikuwa mmoja wao.

Kwenye kaunta pana karatasi ngumu yenye picha, na ukubwa wa vikombe umeandikwa kwa S, M na L. Nikaweka kidole kwenye kahawa ya moto, ndogo. Msichana akaniuliza swali lenye neno ambalo baadaye nililizoea: tennai, ndani ya duka. Alitaka kujua nitanywea pale au nitaondoka nayo. Nikaketi hewani kidogo kumwonyesha, akaelewa. Yeni 220, kodi imo humo humo. Kwa viwango vya wakati ule zilikuwa kama dola mbili za Marekani. Pesa hazitiwi mkononi mwa mtu. Mbele yako pana kisinia kidogo, unaziweka humo. Nilimimina sarafu zangu zote kwa kuwa sikuzijua, naye akazitenga mbele ya macho yangu, mbili za mia na mbili za kumi, zilizobaki akanisogezea pamoja na risiti. Na hapa namsahihisha mwandishi wenu: aliandika kwamba msafiri aache chochote mezani kwa ajili ya mhudumu. Asiache. Japani bahashishi si desturi, na atakayeacha sarafu huenda akafuatwa mlangoni arudishiwe mali yake.

Kahawa niliipokea pale pale kaunta, juu ya trei, ndani ya kikombe cha kaure chenye kisahani na kijiko.

Kikombe hicho ndicho kilichonishikisha kalamu. Kwa bei ile ningepewa cha karatasi nisingenung'unika. Lakini nilipokaa na kutazama kulia na kushoto, niliona bwana aliyevaa suti na viatu vinavyong'aa ana kikombe kile kile. Fundi wa ujenzi mwenye suruali zile pana za mafundi wa kule ana kikombe kile kile. Yule bibi wa leso naye hivyo hivyo. Nimehudumu wodi za daraja la kwanza na nimehudumu wodi za daraja la tatu, Mhariri, na najua jinsi sahani inavyomwambia mgonjwa anavyothaminiwa kabla muuguzi hajafungua mdomo. Pale ndani watu walikuwa wamelipa kidogo, na hakuna chombo kilichowakumbusha kwamba wamelipa kidogo.

Kahawa yenyewe ni nyeusi na nzito kiasi, na ina uchungu wa buni zilizokaangwa sana. Mtu aliyelelewa na kahawa chungu yenye tangawizi haitamshtua. Sikutia sukari wala maziwa, ingawa vyote vipo bure, sukari kwenye vipakiti vyembamba na maziwa kwenye vikopo vidogo kama vya dawa ya macho. Maji ya kunywa pia ni bure. Nilikunywa taratibu, goti likapoa, nikatoka baada ya saa moja. Kesho yake nikarudi.

Kuanzia hapo ratiba yangu ikawa ni ile. Nilifika saa moja na nusu asubuhi, na nikajifunza kwamba duka moja lina watu wa zamu, kama wodi. Hadi kabla ya saa tatu ni wafanyakazi. Wanaingia mmoja mmoja, hawazungumzi, wanakula mkate na kahawa kwa dakika kumi hivi, wanafuta meza kwa kitambaa cha karatasi wenyewe, wanaondoka karibu wanakimbia. Wengine husinzia wima, mkoba mapajani, halafu dakika ile ile wanayotaka hufumbua macho na kuinuka. Sijui ni saa gani iliyo ndani yao. Saa tatu ikipita wanakuja wazee. Hawa ndio niliowapenda. Kila mmoja ana kiti chake, gazeti lake, miwani yake ya pili. Kuna mzee mmoja aliyekuja na tembe zake ndani ya kisanduku chenye vijumba vya siku za juma, akazipanga kwenye kisahani, akazimeza moja moja kwa maji, ndipo akagusa kahawa. Utaratibu ule ningependa kuwaonyesha wagonjwa wangu wote wa shinikizo la damu. Mchana wanawake wawili wawili, wenye mifuko ya sokoni, na sauti zinapanda kidogo. Wanafunzi na vitabu vyao hufuata.

Simu ikiita, mtu hutoka nje. Hata kwenye baridi ile. Nilimwona kijana akizungumza nje ya kioo huku anarukaruka kwa baridi, kahawa yake inamngoja ndani na simu imembana sikioni, asirudi mpaka amemaliza.

Sasa mwandishi wenu anasema humo hamna Japani. Mimi kwenye hekalu kubwa la Asakusa niliona watalii wenzangu kwa maelfu, na ni pazuri, sikatai. Lakini wazee wa Kita-Senju sikuwaona kule. Niliwaona hapa.

Upande wa chakula nataka niwaeleze wasomaji Waislamu, maana makala haikugusa. Kipo kitu maarufu sana katika maduka ya Doutor, mkate mrefu wenye soseji katikati, wanauita Jaman dokku, yaani wa Kijerumani. Unanukia vizuri. Nilipotaka kuuagiza nikasita, nikamwonyesha msichana kwenye simu neno nguruwe kwa Kijapani, buta. Hakunijibu kwa kubahatisha. Alikwenda nyuma akaja na jedwali lililojaa alama za duara, kila chakula na vilivyomo. Nilipomuuliza mwanangu akaniambia kwamba sheria ya Japani wakati ule ililazimisha kutaja vitu saba vinavyoleta mzio kwenye vyakula vya pakiti: mayai, maziwa, ngano, kamba, kaa, karanga na ngano nyeusi ya soba. Vingine ishirini vilipendekezwa vitajwe, na nyama ya nguruwe imo kati ya hivyo ishirini. Kwa hiyo jedwali linalotengenezwa kwa ajili ya wenye mzio linamfaa na Mwislamu, mradi alijue. Soseji ilikuwa ya nguruwe. Nikachukua mkate wa kuchoma wenye jibini, na ndio uliokuwa kifunguakinywa changu hadi nilipoondoka.

Jumamosi moja mwanangu alinipeleka kusali msikiti wa Tokyo Camii, ule uliojengwa upya mwaka 2000 kwa mtindo wa Kituruki. Kutoka Kita-Senju unapanda treni ya Chiyoda hadi mwisho wake, Yoyogi-Uehara, bila kubadilisha. Wakati wa kurudi tukashuka kituo cha pili, Meiji-jingumae, kwa sababu alitaka nione mtaa wa Harajuku. Ndani ya treni nilikuwa nimemsimulia habari za asubuhi zangu, naye akacheka. "Mama, yaani kila siku unakwenda kwa daktari na hujui?" Akanieleza kwamba Doutor kwa Kireno ni daktari.

Kisa chenyewe kilinigusa, nakieleza kwa ufupi. Mwanzilishi wa kampuni ile, bwana Toriba Hiromichi, alikwenda Brazili peke yake akiwa kijana wa miaka ishirini, akafanya kazi kwenye shamba la kahawa. Hakuwa wa kwanza. Wajapani walianza kuhamia Brazili mwaka 1908, pale meli Kasato Maru ilipotoka Kobe na watu 781 ikawashusha Santos kwenda kuchuma kahawa mashambani. Toriba aliporudi nyumbani alifungua kampuni ya kukaanga na kuuza kahawa kwa jumla, mwaka 1962, akaipa jina la mtaa aliokaa São Paulo, Rua Doutor Pinto Ferraz. Mwaka 1971 alizunguka Ulaya. Asubuhi moja Paris akaona wafanyakazi wakitoka stesheni na kunywa kahawa wamesimama kaunta, na akagundua kwamba kikombe hicho hicho kina bei tatu: ghali ukikaa barazani, nafuu kidogo ukikaa ndani, na chini kabisa ukisimama. Akarudi na wazo hilo. Alingoja miaka tisa. Tarehe 18 Aprili 1980, nchi ikiwa imetikiswa na misukosuko ya bei ya mafuta na mishahara ikiwa hainunui kama zamani, akafungua duka dogo Harajuku, kahawa yeni 150, wakati mikahawa ya kawaida ilitoza karibu mara mbili. Hesabu yake, kwa maelezo aliyokuwa akiyatoa mwenyewe, ilianzia kwenye swali la mfanyakazi wa kawaida anaweza kulipa kiasi gani kila siku bila kuumia. Gharama zikafuata bei, wala bei haikufuata gharama.

Tulisimama pale Harajuku kati ya vijana wenye nywele za rangi zote, mwanangu akiniambia hayo. Nikafikiria yule mzee na kisanduku chake cha tembe. Anaweza kuja kila siku kwa sababu mtu fulani alikaa akapiga hesabu ya kila siku.

Nisije nikaeleweka kwamba nadharau mikahawa ya zamani. Jumapili iliyofuata tulikwenda mmoja huko Ueno, eneo ambalo mkahawa wa kwanza wa kahawa wa Japani ulifunguliwa mwaka 1888. Viti vya velveti nyekundu, taa za manjano, na mwenye duka, mzee aliyevaa tai, anachuja kahawa kikombe kimoja kimoja, anamimina maji kwa uzi mwembamba kama anayetia dawa kwenye kidonda. Ni kazi ya heshima na nilimtazama kwa furaha. Kwenye orodha mwanangu akanionyesha neno, akanisomea: Kirimanjaro. Moyo ulinipasuka. Niliagiza hicho hicho. Mzee alipojua tumetoka Tanzania aliacha kazi yake akaja mezani na kopo la buni, akanifungulia ninuse. Mwanangu akatafsiri maelezo yake: kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa Japani, kahawa yoyote ya arabika kutoka Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, isipokuwa ya Bukoba, na mchanganyiko ukitaka kubeba jina hilo, angalau asilimia 30 ya buni ziwe ni hiyo. Maana yake kahawa ya Mbinga na ya Mbozi zikifika Tokyo nazo huitwa Kilimanjaro. Sijui mkulima wa Mbinga angesema nini. Mimi nilikunywa, na ilikuwa nyepesi, na ndani yake uchachu mtamu kama wa tunda, na nilikaa kimya muda mrefu.

Yeni 650. Mzee yule alistahili kila senti. Lakini nisingeweza kwenda kwake asubuhi kumi na saba. Hapo ndipo ugomvi wangu na makala ulipo. Mwandishi amemwambia msafiri achague moja na kuiacha nyingine, kana kwamba anayenunua kahawa ya yeni 220 kila siku hana haki ya kunywa ya yeni 650 siku moja. Ile ya bei nafuu ndiyo iliyoniwezesha kubaki na akiba ya ile ya Ueno.

Kabla sijasahau, trei. Ukimaliza huachi vyombo mezani. Kuna mahali ukutani, pana tundu na rafu. Unamwaga mabaki ya kinywaji sehemu yake, karatasi sehemu yake, plastiki sehemu yake, kikombe na kisahani unaviacha kwenye rafu. Siku ya pili nilikosea nikatupa vyote pamoja. Nilipogeuka nikamwona mfanyakazi anavitoa kimyakimya na kuvipanga upya. Niliona haya, nikarudi nikamsaidia, naye akainama mara tatu kunishukuru kwa kazi ambayo ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo sikukosea. Anayekwenda huko atazame anayemtangulia.

Kuna jambo moja ambalo mwaka 2018 halikunipendeza, na lilikuwa katika mikahawa mingi ya Tokyo, ya bei nafuu na ya ghali: sigara. Palikuwa na sehemu ya wavutaji nyuma ya kioo, na mlango wake ukifunguliwa moshi unakuja kwa wengine. Nimewauguza watu wa mapafu, siwezi kulinyamazia. Lakini sheria yao ya afya ilirekebishwa, na kuanzia 1 Aprili 2020 uvutaji ndani ya mikahawa ulikatazwa isipokuwa kwenye vyumba maalumu vilivyofungwa, ingawa mikahawa midogo ya zamani ilipewa nafuu. Nilipokwenda mara ya pili, 2023, kwa mahafali ya mwanangu, niliona tofauti kwa pua yangu.

Mara hiyo ya pili kikombe kidogo kilikuwa kimepanda hadi yeni 250. Mwandishi wenu ametaja kupanda kwa bei kama sababu ya kuogopa Tokyo. Afanye hesabu yote. Mwaka 2018 dola moja ilikuwa karibu yeni 110. Mwaka 2023 ilipita yeni 130, na kuna miezi ilifika 150. Kwa msafiri anayebadilisha dola, kikombe kile kilikuwa kimeshuka, hakikupanda. Aliyeumia ni mwenyeji, anayelipwa kwa yeni, na yeye ndiye wa kuhurumiwa. Wazee wa asubuhi niliwakuta, si wote. Wa kisanduku cha tembe sikumwona, na sikuwa na lugha ya kuuliza.

Yapo mambo ambayo msafiri aangalie. Meza ni ndogo, kama sahani kubwa ya pilau hivi, na zimebanana. Mwenye sanduku la safari atapata taabu. Saa za watu wengi si vizuri kukaa na kikombe kitupu wakati wengine wamesimama na trei mkononi. Hakuna atakayekufukuza, lakini tazama, ukiona foleni inuka. Mimi nilijiwekea kwamba kahawa ikiisha na mtu akaingia akakosa kiti, natoka. Choo kipo karibu kila tawi, lakini kwa kawaida ni kimoja, na kwa umri wetu jambo hilo si dogo. Na beba sarafu. Ile ya yeni tano na ya hamsini zina tundu katikati, ya hamsini ni nyeupe, ya tano ni ya manjano. Nilizichanganya wiki nzima.

Naomba, Mhariri, mchape japo kipande cha barua hii, hasa pale penye bahashishi na pale penye jedwali la vyakula, kwa sababu wapo vijana wetu wanaosoma Japani na wazazi wao watawafuata kama nilivyofuata mimi. Mzazi anayefika mara ya kwanza hahitaji kuambiwa aanze na nyumba ya chai ambako atatakiwa kupiga magoti kwenye mkeka. Mimi goti langu lisingekubali.

Mwanangu amepata kazi huko huko na Aprili ijayo, inshaallah, nitakwenda tena. Mwandishi wenu akiwa Tokyo wakati huo namkaribisha Kita-Senju kwa moyo mmoja, kahawa juu yangu. Aje kabla ya saa tatu, aache leso mezani, aende kaunta aseme hotto, esu, yaani ya moto, ndogo. Nitakuwa upande wa dirisha, kiti cha mwisho, ambapo pana nafasi ya kunyoosha mguu.

Wako,
Bi Muuguzi mstaafu,
Tanga